Usingoje mzee aanguke ndipo utengeneze nyumba

NA MWANDISHI WETU

Je, msomaji, umewahi kuhesabu ni vizingiti vingapi unavyovivuka kutoka kitandani hadi chooni? Yamkini hapana. Mtu mwenye miguu thabiti na macho mazuri hana haja ya kuhesabu mambo kama hayo. Lakini siku mzazi wako atakapotoka hospitalini akiwa na mkono na mguu usio na nguvu kwa sababu ya kiharusi, au siku macho ya nyanya yatakapofunikwa na mtoto wa jicho, kila kizingiti, kila kidato na kila pembe yenye giza itakuwa na maana kubwa.

Familia nyingi za mijini hujitahidi sana upande wa matibabu. Watoto huchanga pesa za hospitali, hununua dawa na hukumbuka tarehe za kliniki. Nyumba, hata hivyo, huachwa vile ilivyo. Mgonjwa huletwa katika nyumba ile ile yenye bafu linaloteleza, choo cha kuchutama na kitanda kilicho chini mno, kisha watu hushangaa kwamba haendelei vizuri.

Ni kweli mguu wake ni dhaifu. Lakini mara nyingi kinachomfanya ashindwe kufika chooni peke yake ni kidato cha sentimita 15 mlangoni, na kidato hicho fundi anaweza kukiondoa kwa siku moja.

KUANGUKA SI JAMBO DOGO

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban watu 684,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kutokana na kuanguka. Kati ya ajali zote zisizokusudiwa, ni zile za barabarani pekee zinazoua watu wengi zaidi. Wanaokufa kwa wingi ni watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa watu wapatao milioni 2.7 walikuwa wametimu umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi wao wanaishi mashambani, lakini idadi kubwa huja mijini kukaa na watoto wao wakiwa wagonjwa, kwa kuwa hospitali kubwa ziko huku.

Mzee huanguka kwa sababu nyingi. Macho hupungua nguvu. Misuli ya mapaja hulegea. Ugonjwa wa kisukari huua hisia za nyayo, hata mtu asijue amekanyaga wapi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu apate kizunguzungu anaposimama ghafla. Kijana akijikwaa hujishika. Mzee akijikwaa huenda chini mzima mzima.

Mfupa ambao wengi huvunjika ni ule wa paja karibu na nyonga. Mifupa ya wazee, hasa akina mama waliokoma hedhi, huwa imepoteza uzito wake, na hata kuanguka kutoka kitandani kunatosha kuuvunja. Baada ya hapo mgonjwa hulala muda mrefu. Kulala huko huleta vidonda vya mgongoni na makalioni, nimonia, na damu kuganda miguuni. Kwa hivyo mzee anaweza kuingia hospitalini kwa sababu ya mfupa na akafa kwa sababu ya mapafu.

ANZA NA CHOO

Ikiwa una pesa za kurekebisha sehemu moja tu ya nyumba, rekebisha choo na bafu. Hapo ndipo penye maji, sakafu laini, nafasi finyu na mtu aliyevua nguo. Isitoshe, ni mahali ambapo mtu hataki kusaidiwa.

Kuna jambo ambalo wazee wengi hawawaambii watoto wao. Mzee anayeogopa safari ya chooni hupunguza kunywa maji. Hukataa chai ya jioni ilhali anaitamani, kwa kuwa anajua kikombe hicho kitamwamsha saa nane za usiku. Wengine huacha hata tembe za shinikizo la damu kwa sababu baadhi yake huongeza mkojo. Mwili ukipungukiwa na maji, kichwa huzunguka, tumbo hufunga na maambukizi ya njia ya mkojo huja kwa urahisi. Hivyo choo kibaya kinaweza kumwangusha mzee hata kabla hajakifikia. Ukiona mzazi wako anakunywa maji kidogo, usimgombeze. Nenda ukakague choo. Na ikiwa tembe ndizo zinazomwamsha usiku, mwulize daktari kama zinaweza kumezwa asubuhi. Asiziache kwa hiari yake.

Jambo la pili ni heshima. Katika jamii nyingi za Kenya, ni mwiko kwa mwana wa kiume kumwona mamake akiwa uchi, na mkwe ndiyo kabisa. Ikiwa mama hawezi kuoga bila kushikwa, na aliye nyumbani mchana ni mkwewe wa kiume, basi mama hataoga. Vyuma viwili ukutani na kiti cha kuogea vinaweza kuwaondolea wote wawili aibu hiyo.

Haya ndiyo mambo ya kufanya:

Kwanza, weka vyuma vya kujishikilia ukutani, kimoja kando ya choo na kingine mahali pa kuogea. Fundi wa jua kali anaweza kuvitengeneza kwa bomba la chuma lenye unene wa takriban inchi moja na nusu, ambao kiganja cha mzee kinaweza kuuzunguka. Acha nafasi ya kama sentimita 4 kati ya bomba na ukuta ili vidole vipite bila mkono kunasa. Vyuma vifungwe kwa bolti ndefu zinazokaza ndani ya jiwe. Misumari haitoshi. Kabla mzee hajavitumia, mtu mzima mwenye uzito avining'inie. Vikitikisika, vifungwe upya. Chuma cha kutundikia taulo na sinki havikutengenezwa kubeba mtu.

Kwa aliyepata kiharusi, chuma kiwe upande wa mkono wenye nguvu. Mafundi wengi huweka mahali palipo rahisi kutoboa, na kazi yote huwa bure.

Pili, inua kiti cha choo. Magoti ya mzee yakiwa juu kuliko nyonga zake anapokaa, hawezi kusimama bila kuvutwa. Kimo cha sentimita 45 hadi 48 huwafaa watu wengi. Ikiwa choo chenu ni cha kuchutama, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kukodi, mwambie fundi atengeneze kiti cha chuma chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, kiwekwe juu ya shimo. Miguu yake ivalishwe mpira. Epuka kile kiti cha plastiki kilichokatwa tundu kwa kisu. Miguu yake hupanuka kwenye sakafu yenye maji, na makali ya tundu huchana ngozi.

Tatu, mzee aoge akiwa amekaa. Kiti imara, beseni iliyoinuliwa juu ya stuli, na kopo la kujimwagia vinatosha. Sabuni iwekwe mahali asipohitaji kuinama. Weka maji baridi kwanza kwenye beseni, kisha uongeze ya moto. Mtu mwenye kisukari au aliyepooza anaweza kuungua bila kuhisi.

Nne, kagua mlango. Mlango unaofunguka kuelekea ndani ni hatari kwa sababu mzee akianguka nyuma yake, mwili wake huuziba na hamwezi kuingia. Geuza bawaba ufunguke kuelekea nje, na uweke komeo linaloweza kufunguliwa kutoka nje wakati wa dharura.

SAKAFU NA VIATU

Sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu na kung'arishwa hupendeza macho, na vigae vinavyometameta vinapendeza zaidi. Vyote viwili ni adui wa mzee vikilowa maji. Acha kupaka nta katika njia anayopita. Bafuni, tandika mkeka wa mpira unaonata chini, au mwambie fundi aikwaruze saruji ili isiteleze.

Ondoa vijizulia visivyonata sakafuni. Kadhalika, ondoa nyaya za televisheni zinazokatiza njia, vinyago vya watoto, na meza ndogo iliyo katikati ya sebule. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambapo mitungi ya maji, jiko na viatu vyote hukaa sakafuni, tenga njia moja ya upana wa hatua mbili kutoka kitandani hadi mlangoni, na watoto waambiwe kwamba hapo hapawekwi kitu.

Malapa ndiyo viatu vya nyumbani katika nyumba zetu nyingi. Kwa mzee hayafai. Mtu anayavaa kwa kuyaburura, na kijoto cha maji kidogo tu kikigusa soli yake, huteleza. Mnunulie viatu vyepesi vinavyofunika kisigino na vyenye soli ya mpira isiyo laini.

KITANDA NA SAFARI YA USIKU

Mwambie mzee akae ukingoni mwa kitanda. Nyayo zake zote mbili zinafika sakafuni? Magoti yamekunjika sawasawa? Ikiwa kitanda kiko chini mno, fundi seremala anaweza kukiinua kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa katikati ili miguu ya kitanda itumbukie ndani na isiteleze. Ikiwa kiko juu mno, kipunguzwe. Kwa mgonjwa wa kiharusi, kigeuze kitanda ili atokee upande wenye nguvu.

Anapoamka usiku, asisimame mara moja. Akae ukingoni dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, kisha ndipo asimame. Zoea hili halina gharama yoyote, na huwaokoa wengi wanaotumia dawa za shinikizo.

Taa ni dawa pia. Jicho la mtu wa miaka 70 huhitaji mwanga mwingi kuliko la kijana. Badilisha balbu hafifu ya ushoroba. Hakikisha mzee anaweza kuwasha taa bila kutoka kitandani. Na kwa kuwa stima hupotea bila kubisha hodi, awe na tochi au taa ya sola karibu na mto. Simu yake pia ikae hapo usiku, wala si kuchajiwa chumba kingine.

MLANGO, VIDATO NA KITI CHA MAGURUDUMU

Watu wengi hununua kiti cha magurudumu kwanza, kisha hugundua hakipiti mlangoni. Pima kabla ya kununua. Viti vingi vya watu wazima vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono ya anayejisukuma huhitaji nafasi zaidi. Mlango ukiwa na uwazi wa sentimita 80 au zaidi, atapita bila kujichubua vidole. Ili ageuke mzima, anahitaji nafasi ya kama mita moja na nusu kila upande.

Palipo na kidato, jenga njia ya mteremko. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Fundi akiona kidato, hukijazia saruji kwa kishindo na kuacha mteremko mkali kama wa kupakia ng'ombe. Kanuni inayotumiwa na wajenzi ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Vidato vitatu vya kimo hicho vinahitaji mita 5.4. Ikiwa nafasi haitoshi, ni heri kuacha vidato na kuweka vyuma vya kujishikilia pande zote mbili kuliko kujenga mteremko utakaompindua mtu. Kingo za mteremko ziinuliwe kidogo ili gurudumu lisitoke, na saruji iachwe ikiwa na mikwaruzo.

Kwa wanaotembea kwa mkongojo, kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama wima na kuachilia mkono wake chini. Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wenye nguvu. Kwenye ngazi, akipanda, mguu wenye nguvu hutangulia. Akishuka, mguu dhaifu hutangulia. Ikiwa macho yake ni dhaifu, paka ukingo wa kila kidato rangi ya manjano au nyeupe, na usihamishe viti na meza bila kumwambia.

Ikiwa unaishi ghorofa ya nne katika jumba lisilo na lifti, hakuna chuma cha ukutani kitakachokusaidia. Mzee atakuwa mfungwa. Hataota jua, hatamwona jirani, na kila safari ya kliniki itakuwa ni kubebwa mgongoni na vijana wa ploti. Fikiria kuhamia nyumba ya chini, hata ikiwa ndogo kidogo.

USIMFANYIE KILA KITU

Wengi wetu tunadhani kumpenda mzee ni kumwambia: "Wewe kaa tu, mama." Anavishwa, analishwa, anabebwa. Baada ya miezi michache misuli iliyokuwa imebaki nayo inapotea. Nyumba iliyorekebishwa inakusudiwa kumwezesha afanye mwenyewe yale anayoweza.

Jikoni, teremsha sufuria, majani ya chai na sukari zikae kati ya kiuno na kifua chake, ili asipande stuli wala kuinama. Weka kiti ambapo anaweza kumenya viazi na kuchambua maharagwe. Mama aliyepika miaka 50 akiondolewa jikoni kabisa huvunjika moyo, na moyo uliovunjika nao huleta magonjwa yake.

Muhimu zaidi, mwulize mwenyewe. Ni wapi anapoogopa? Anajishika wapi akipita? Ukiona alama za vidole ukutani karibu na mlango wa bafu, hapo ndipo anapojishika, na hapo ndipo chuma kinapohitajika.

UKIWA MPANGAJI

Huenda unasema: nyumba si yangu, mwenye nyumba hatakubali ukuta utobolewe. Zungumza naye kabla ya kuanza. Mweleze kazi yenyewe, mkubaliane kwa maandishi kwamba ukihama utaviondoa vyuma na kuziba matundu. Ni wenye nyumba wachache watakaokataa wakijua ukuta wao utarudi kama ulivyokuwa. Akikataa kabisa, bado kuna mengi yasiyohitaji kutoboa: kiti cha chooni chenye mikono, kiti cha kuogea, mkeka wa mpira, kitanda kilichoinuliwa, taa na viatu.

NANI WA KUKUSAIDIA

Katika hospitali nyingi kubwa za kaunti kuna mtaalamu ambaye kazi yake ni kumfundisha mgonjwa jinsi ya kuoga, kuvaa, kula na kupika tena baada ya ugonjwa au ajali. Yuko tofauti na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ingawa hufanya kazi pamoja. Kabla mgonjwa wako hajaruhusiwa kurudi nyumbani, omba kumwona. Mpelekee picha za choo, bafu, kitanda na mlango ulizopiga kwa simu, pamoja na vipimo. Atakuambia chuma kiwekwe wapi na kwa kimo gani kwa mgonjwa huyo.

Chama cha APDK, ambacho kimewahudumia watu wenye ulemavu wa viungo nchini tangu 1958, hutengeneza viti vya magurudumu na vifaa vingine. Aliye na ulemavu wa kudumu anaweza pia kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kukaguliwa na madaktari. Usajili huo ndio mlango wa kuomba vifaa na nafuu nyingine za serikali.

Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote bila vikwazo visivyo na msingi. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa familia zao na serikali. Mwaka 2025, sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilichukua mahali pa ile ya 2003. Tumia haki hizo unapozungumza na wasimamizi wa jumba, kanisa, msikiti au benki ambako mzazi wako hushindwa kuingia.

KAZI YA LEO USIKU

Usingoje mwisho wa mwezi. Leo, watu wakishalala, zima taa zote. Lala kwenye kitanda cha mzee. Kisha amka, utembee polepole hadi chooni ukitumia mkono mmoja tu, na mwingine ukiwa umeushikilia kifuani. Kaa, simama, kisha urudi. Kila mahali utakapojikwaa, utakaposhika ukuta au utakapotamani taa, paandike. Kesho asubuhi msomee mzee orodha hiyo na umwulize ni lipi lianze. Kisha umpigie fundi simu.